Tusiwaharakishe nyoka wetu kukua

Vijana wanaonitembelea hapa Lubumbashi kuniuliza habari za kufuga nyoka huwa wamekwisha kuishinda hofu iliyo kubwa kuliko zote, yaani kulala nyumba moja na mnyama ambaye majirani wengi wangempiga fimbo bila kuuliza, na wengine wangemhusisha na ulozi. Kwa hilo ninawaheshimu. Wanapofika, swali lao la kwanza huwa karibu lilelile: nimpe nini, na mara ngapi kwa juma, ili akue upesi? Nimeona nilijibu kwa maandishi na kwa urefu, kwa sababu nyoka wengi wa kufugwa ninaoletewa wakiwa katika hali mbaya hawakuumizwa na njaa wala ukatili. Waliumizwa na chakula kingi walichopewa na watu waliowapenda.

Nieleze kwanza ninazungumzia nyoka gani. Wengi wetu hapa tunafuga nyoka wa nyumba, yule wa kahawia asiye na sumu, mwenye mistari ya rangi ya maziwa pande mbili za kichwa, ambaye huingia kwenye maghala na mabanda ya kuku akifuata panya. Wanasayansi humweka katika jenasi ya Boaedon. Jike humzidi dume kwa mbali: madume wengi huishia kwenye sentimita 60 au 70 hivi, ilhali jike aweza kuikaribia mita moja na hata kuipita. Wachache hufuga chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, ambaye si wa pori letu. Chatu mkubwa anayepatikana Katanga, eneo letu hili, ni jambo jingine kabisa; jike wake aweza kuzidi mita 4, na kwa kuwa yumo katika Nyongeza ya II ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya pori, kumvusha mpaka bila vibali ni kosa. Anayeanza kufuga amwache porini.

Nyoka hatumii chakula kama sisi tunavyokitumia. Mbwa, kuku na binadamu huchoma sehemu kubwa ya wanachokula ili mwili ubaki na joto usiku na mchana, lakini nyoka hukopa joto lake kwenye jua, kwenye jiwe, au kwenye ukuta uliopigwa na jua la alasiri. Kwa hiyo mnyama wa uzito uleule, akiwa ametulia, anahitaji sehemu ndogo tu ya chakula ambacho mnyama mwenye damu moto angekihitaji. Ndiyo maana panya mmoja anayeonekana kuwa mlo mdogo machoni petu aweza kumtosha nyoka mzima wa nyumba kwa majuma mawili. Tukipima njaa yake kwa njaa yetu, tutamlisha mara nne ya haja yake na bado tutahisi kwamba tunamnyima.

Zaidi ya hapo, kumeng'enya mlo ni kazi nzito kwa mwili wa nyoka. Watafiti Stephen Secor na Jared Diamond, walipowachunguza chatu wa Burma katika miaka ya 1990, waliona kwamba baada ya mlo mkubwa sana matumizi ya nishati ya mwili hupanda hadi mara 40 hivi ya yale ya kupumzika, na utumbo mwembamba huongezeka uzito maradufu. Mwaka 2005 watafiti wengine walionyesha katika jarida la Nature kwamba moyo wa chatu huyohuyo hukua kwa asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya kula, kisha hurudi ulivyokuwa kazi ikiisha. Mabadiliko haya ni makubwa zaidi kwa nyoka wanaovizia na kula kwa nadra, na ni madogo kwa wale wanaotembea wakiwinda mara kwa mara. Hata hivyo mimi hupata humo jambo moja la kulizingatia: siku za tumbo tupu ni sehemu ya maisha ya kawaida ya mwili huu, wakati viungo vinaposhuka na kutulia. Anayemlisha chatu kabla mlo uliopita haujamalizika kazi yake huuzuia mwili huo usifike kamwe kwenye mapumziko hayo.

Sasa nije kwenye neno kukua, maana hapa ndipo tunapojidanganya. Kijana akiniambia nyoka wake amekua, mara nyingi anamaanisha kwamba ameongezeka uzito. Lakini mifupa hurefuka kwa mwendo wake, na chakula kinachozidi mwendo huo hakina mahali pa kwenda isipokuwa kwenye mafuta. Mwaka 2007 Marshall McCue wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, alichapisha matokeo ya kuwashindisha njaa nyoka wa aina tatu, akiwemo chatu mdogo wa Afrika Magharibi, kwa takriban miezi sita. Baadhi yao walipunguza matumizi yao ya nishati hadi kwa asilimia 72, na wakati huohuo, bila kula chochote, waliendelea kurefuka. Urefu na unene ni mambo mawili yanayoweza kwenda njia tofauti kabisa.

Simaanishi kwamba tuwanyime chakula wachanga. Kuna utafiti mwingine ninaouheshimu sana, wa Thomas Madsen na Richard Shine, uliochapishwa mwaka 2000, kuhusu chatu wa majini wa kaskazini mwa Australia: waliozaliwa katika mwaka wenye panya wengi waliendelea kukua haraka kuliko wenzao hata miaka ya baadaye, kana kwamba mwaka ule wa kwanza uliwapangia maisha. Mwaka wa kwanza ni wa kulisha vizuri, na nyoka mchanga mwenye mbavu zinazoonekana amekosewa sawasawa na jike mzima aliyefura. Lakini chatu wale walikuwa wakitembea, wakiogelea, wakipoteza siku nyingi bila kukamata kitu, na msimu ukibadilika panya waliadimika. Nyoka wetu anaishi ndani ya sanduku la mbao lenye kioo mbele, na panya anamfikia mdomoni.

Mwaka jana kijana mmoja wa Katuba, mtaa wa mji wetu, aliniletea jike wa nyumba ndani ya mfuko wa kitambaa. Alikuwa na furaha. "Yaya, tazama alivyonona," aliniambia, akiniita hivyo kama mkubwa wake, "hajawahi kukataa chakula hata siku moja." Nilimtoa nikamwacha apite juu ya mikono yangu taratibu, kwa sababu nyoka mnene hujieleza vizuri zaidi akijikunja. Upande wa ndani wa kila kona ngozi ilijikusanya ikafanya mikunjo mizito, na upande wa nje magamba yalikuwa yameachana, ngozi nyeupe ikionekana katikati yake ingawa tumbo halikuwa na mlo. Kichwa kilikuwa kidogo kuliko mwili ulivyostahili, maana kichwa hakinenepi kama kiwiliwili. Nyuma ya tundu la haja mkia ulianza ghafla, mwembamba, badala ya kupungua kidogo kidogo kutoka kwenye mwili. Nilipopitisha kidole juu ya mgongo bila kukandamiza, sikuzihisi pingili za uti wa mgongo, zilikuwa zimezama. Kwa nyoka mwenye hali nzuri, pingili hizo huzihisi chini ya kidole lakini macho hayazioni. Nikamweka mezani, akavuka upande wa pili, akasimama akipumua kwa nguvu hadi ubavu wote ukaonekana ukipanda na kushuka.

"Mdogo wangu," nilimwambia, "unampa nini?" Alikuwa akimpa panya mzima kila baada ya siku nne au tano, na wawili siku za sikukuu ya nyumbani. Hakuna ubaya aliokusudia. Katika mji wetu mgeni akiingia hupikiwa bukari, yaani ugali, bila kuulizwa kama ana njaa, na mtoto aliyenenepa ni sifa ya mama yake. Tabia hiyo njema tunaipeleka kwa mnyama ambaye mwili wake haukuumbwa hivyo. Nyoka wa nyumba hasa hutupoteza, kwa kuwa ni mlafi wa asili. Porini hajui panya wa pili atapatikana lini, kwa hiyo akimwona humkamata, hata kama wa kwanza bado yuko tumboni. Kukubali kwake chakula hakuthibitishi kwamba anakihitaji. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi huleta hofu ya upande wa pili: aweza kukataa kula kwa miezi kadhaa akiwa mzima wa afya, na mwenye naye akahangaika kumbembeleza kwa panya wa kila rangi, ilhali mizani inaonyesha kwamba hajapungua chochote cha maana.

Ndani ya mwili, mafuta ya nyoka hukusanyika hasa katika vipande virefu vilivyopangwa kwenye nusu ya nyuma ya kiwiliwili. Nyoka hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo, kwa hiyo vipande hivyo vikijaa hubana kila kilicho jirani, pamoja na utumbo, figo na nafasi ya pafu kujitanua. Baadaye ini lenyewe huingiwa na mafuta. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu nyoka mwenye ini la namna hiyo haonyeshi dalili kwa muda mrefu. Anakula, anajivua gamba, anang'aa, kisha siku moja anaacha kula na anadhoofika upesi.

Kwa majike kuna hatari ya mayai. Jike wa nyumba aliyelishwa sana hupevuka mapema, kabla mifupa yake haijafikia ukubwa unaofaa, na kwa kuwa aina hii huweza kutaga zaidi ya mara moja kwa mwaka, chakula kingi humsukuma kutaga mfululizo. Nimesikia watu wakijivunia jambo hilo. Mimi huliona kuwa ni kumchakaza mnyama. Jike mnene, asiye na misuli kwa kukosa kutembea, ndiye hasa anayekwama na yai ndani, na hapo hakuna dawa ya nyumbani. Anahitaji daktari wa mifugo, na bahati yetu ni kwamba Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo ambako mtu anaweza kuanzia kuuliza. Asijaribu mtu kulikamua yai hilo kwa vidole.

Jambo ambalo ratiba za kwenye intaneti hazitusaidii ni baridi. Aliyeandika "kila siku ya tano" aliandika akiwa na chumba chenye joto lilelile mwaka mzima. Sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba usiku wa Lubumbashi huweza kushuka chini ya nyuzi 10, ndani ya nyumba za matofali zisizo na chombo chochote cha kupasha joto. Nyoka wa nyumba na chatu huhitaji upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 30 hivi ili wameng'enye vizuri. Joto likikosekana, panya aliyemezwa hukaa tumboni bila kuyeyuka, huanza kuoza, na nyoka humtapika akiwa na harufu ambayo hutaisahau. Umeme ukikatika usiku kucha, taa na mkeka wa joto havina kazi, kwa hiyo ratiba ya kulisha lazima ifuate joto ulilo nalo kweli.

Mimi kuanzia mwisho wa mwezi wa tano hupunguza ukubwa wa mlo, na kuurefusha muda kati ya mlo na mlo. Kukiwa na baridi kali na umeme si wa kuaminika, nyoka wazima wenye hali nzuri hawali kabisa kwa majuma kadhaa. Wanapata maji safi na mahali pa kujificha, na hawapati madhara yoyote. Hivyo ndivyo wenzao wa porini wanavyoupitisha msimu huu. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa husaidia usiku mmoja mbaya, hasa kwa aliyekula siku chache zilizopita. Mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ya chumba kilichofungwa, hapana kabisa, si kwa ajili ya nyoka wala kwa ajili yako, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na imekwisha kuua familia nyingi. Joto likirudi mwezi wa tisa, wanaanza kutembeatembea jioni kwenye kioo, nami huanza na mlo mdogo.

Kuhusu kiasi, hivi ndivyo ninavyofanya katika miezi ya joto. Nyoka mchanga hupewa mlo wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kila baada ya siku tano hadi saba. Kwa mfano, nyoka wa gramu 60 anapata panya mchanga aliyeota manyoya, wa gramu 6 hadi 9. Anapokaribia ukubwa wa utu uzima muda huo hufika siku kumi, kisha kumi na nne, na dume mzima kwangu hukaa hata majuma matatu, huku mlo ukishuka hadi kwenye asilimia 5 au kuzidi kidogo. Mlo usiwe mpana kuliko sehemu pana zaidi ya mwili, na uvimbe wake uwe mdogo, wa kupotea baada ya siku mbili hivi. Jike aliyetoka kutaga namlisha zaidi, kwa milo midogo ya karibu karibu, mpaka mgongo wake ujae tena. Siwashiki nyoka kwa siku mbili baada ya kula. Na aliyetapika haongezwi mlo mwingine kufidia ule uliopotea, kosa ambalo watu hulifanya kwa huruma. Anaachwa siku kumi na nne, kisha anapewa nusu ya mlo wa kawaida.

Mizani ndogo ya betri inayosoma gramu moja moja ni chombo cha lazima. Mpime mara moja kwa mwezi akiwa na tumbo tupu, uandike daftarini tarehe, uzito, na siku aliyojivua gamba. Urefu usiupime kwenye gamba alilolivua, kwa kuwa linapovuliwa hunyooka na kumzidi mwenyewe kwa urefu. Njia rahisi niliyoizoea ni kumweka kwenye sakafu ya vigae, kumpiga picha kwa simu kutoka juu wakati ametulia, kisha kuufuata mgongo wake kwenye picha nikilinganisha na upande wa kigae ambao urefu wake naujua. Uzito ukipanda huku urefu ukisimama, daftari limekueleza jambo kabla macho hayajaliona.

Panya nao hawalingani. Panya mzee aliyekwisha kuzaa mara nyingi na kulishwa pumba za mahindi peke yake ana mafuta mengi kuliko panya kijana, kwa hiyo panya wawili wa gramu zilezile si mlo mmoja. Wangu huwapa pumba, mboga za majani, na kapenta kidogo, wale samaki wadogo, waliosagwa. Vitoto vya panya visivyo na manyoya vina mifupa laini na kalsiamu kidogo, vinafaa kwa nyoka waliotoka kuanguliwa tu, ambao hawana uwezo wa kumeza kingine. Panya waliokamatwa sokoni au mtaani siwapokei hata nikipewa bure, kwa maana sumu ya panya inauzwa kila kona ya mji, na panya aliyeila huweza kutembea siku kadhaa kabla ya kufa. Wala simwachi panya hai mkubwa usiku kucha na nyoka, atamtafuna.

Yule jike wa Katuba hatukumshindisha njaa ghafla. Mnyama mnene akikatiwa chakula mara moja, mafuta hutoka kwa wingi kwenye hifadhi yake yakaenda kulielemea ini ambalo tayari lina shida. Tulimpangia panya vijana badala ya wazee, wadogo kwa nusu, kila baada ya majuma mawili, kisha matatu. Kijana akamtengenezea sanduku refu zaidi, akaweka matawi imara ya mwembe ya kupandia, chombo cha maji upande mmoja na maficho upande mwingine, ili alazimike kutembea kila siku. Nilimwomba asimpandishe dume hadi msimu wa mvua ulio mbali. Kupungua kwa nyoka ni kazi ya miezi mingi, na gramu chache kwa mwezi zinatosha. Akishuka kwa kasi, ni dalili mbaya, apelekwe kwa daktari.

Wanaoniuliza watajuaje kwamba njia hii inafaa, nawaambia waangalie mwanzo wa mkia kabla ya mahali pengine popote, kisha kona ya mwili anapojikunja, na mwishoni pingili chini ya kidole. Sehemu hizo zikirudi kwenye hali nzuri, ratiba ya zamani isirudishwe; unaongeza mlo kidogo tu, hadi mizani isimame mwezi hadi mwezi. Mwaka 2020 chatu mdogo wa Afrika Magharibi katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, aliyefika hapo mwaka 1961, alitaga mayai saba akikadiriwa kuwa na miaka isiyopungua 62. Anayefuga mnyama wa umri kama huo ana muda wa kutosha kumwacha achukue miaka mitatu au minne kufikia ukubwa wake.